Huduma ya kusomewa hukumu jijini Mbeya: maoni yangu baada ya kuitumia mara nne

Kwa muda wa miezi mitano iliyopita nimekwenda mara nne katika kituo kimoja cha wasaidizi wa kisheria hapa jijini Mbeya, mara zote nikimsindikiza mjomba wangu, mkulima wa viazi wa upande wa Uyole ambaye ana mgogoro wa mpaka wa shamba. Ninaandika maoni haya kwa ajili ya wale watakaohitaji huduma kama hiyo, na ninayaandika kwa jicho la mwalimu wa Kiswahili, kwa sababu kilichotupeleka pale ni neno moja lililoelezwa vibaya na mtu tuliyemwamini.

Mjomba alikuwa amefungua shauri katika Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya, akimlalamikia jirani aliyesogeza mpaka. Baada ya miezi kadhaa alipewa nakala ya kurasa tatu yenye kichwa UAMUZI MDOGO. Aliisoma mwenyewe mara mbili, akaona kwamba karibu kila neno ni la Kiswahili anachokizungumza kila siku, na bado hakuelewa limeamuliwa nini. Akaipeleka kwenye steshenari moja mjini, mahali ambapo watu huchapiwa barua, mikataba na nyaraka za kesi. Mhudumu aliipitia juu juu, akamwambia kwamba ameshindwa, kwamba sheria inampa siku 45 za kukata rufaa Mahakama Kuu, na kwamba yeye anaweza kumwandikia sababu za rufaa kwa shilingi 60,000. Mjomba alilipa. Alirudi nyumbani akiamini kwamba shamba alilorithi kwa baba yake limekwenda, na nilipofika jioni ile nilimkuta akipiga hesabu ya kuuza ng'ombe wawili ili apate fedha za wakili.

Siku 45 ni za kweli kwa mtu anayekata rufaa Mahakama Kuu kupinga alichoamua mwenyekiti wa baraza lile. Tatizo ni kwamba yule mhudumu alihesabu siku kabla ya kusoma kilichoamuliwa.

Kesho yake tulikwenda kituoni. Ni chumba kimoja chenye meza mbili na kabati la mafaili, na nje yake kuna benchi refu ambalo asubuhi ile lilikuwa limejaa akina mama. Huduma ni bure, kama Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017 inavyotaka, na hakuna aliyetudokezea habari ya soda. Dada aliyetupokea alimwamkia mjomba shikamoo, akamwacha aeleze mgogoro wote tangu enzi za babu, bila kumkatiza, kisha akaomba karatasi. Hakuisoma kimoyomoyo kama nilivyotarajia. Alifungua ukurasa wa mwisho, akaweka ncha ya kalamu chini ya aya ya mwisho juu ya muhuri, akamwomba mjomba aisome kwa sauti.

Mjomba alisoma taratibu: "Pingamizi la awali linakubaliwa. Shauri linaondolewa barazani. Kila upande utabeba gharama zake."

"Mzee, hapo pameandikwa shamba ni la nani?" dada aliuliza.

Mjomba aliangalia tena, akarudi nyuma ukurasa mmoja, akarudi mbele. "Hapajaandikwa."

"Basi shamba halijaamuliwa. Kilichoamuliwa ni kwamba mlango uliopitia haukuwa wa kwanza kupitiwa."

Nimefundisha Kiswahili kwa miaka mingi na sijawahi kuona somo la maana ya neno likifundishwa vizuri kuliko hilo. Ufafanuzi uliofuata ulichukua kama robo saa. Mwaka 2021 sheria ya mahakama za migogoro ya ardhi, ambayo ni ya 2002, ilifanyiwa marekebisho, na tangu hapo Baraza la Kata halina tena mamlaka ya kuamua nani mwenye haki katika mgogoro wa ardhi. Limebakiwa na kazi ya kusuluhisha. Baraza la wilaya nalo haliruhusiwi kusikiliza shauri la ardhi mpaka Baraza la Kata lithibitishe kwamba limejaribu kusuluhisha na limeshindwa, isipokuwa siku 30 zikipita tangu mgogoro ufikishwe kata bila suluhu kupatikana, na hapo mlalamikaji anaweza kwenda wilayani bila uthibitisho huo. Mjomba alikuwa ameiruka hatua ya kata. Wakili wa jirani alilisema hilo katika pingamizi lake la awali, mwenyekiti akalikubali, na shauri likatolewa kabla ya shahidi hata mmoja kuinua mkono na kuapa. Rufaa ambayo mjomba alikwisha kuilipia ingekwenda Mahakama Kuu kulilia shamba ambalo baraza halijasema lolote kulihusu, huku hatua aliyotakiwa kuikamilisha ikiwa umbali wa kutembea kwa miguu kutoka nyumbani kwake.

Kuna maneno matatu ambayo kituo kile huyatenganisha kwa uangalifu, na ningependa kila mtu anayeshika karatasi ya mahakama ayajue. Shauri likiondolewa kwa sababu ya kasoro ya utaratibu, mwenye shauri anaweza kurekebisha kasoro na kulileta upya, mradi muda wa kisheria wa kufungua madai haujapita. Shauri likitupwa au likitupiliwa mbali baada ya pande zote kusikilizwa, mlango huo umefungwa na kilichobaki ni ngazi ya juu. Neno la tatu, kufutwa, ndilo linalosumbua, kwa sababu nimekuta waandishi wa nyaraka wakilitumia kwa maana zote mbili: wapo wanaosema shauri limefutwa wakimaanisha limeondolewa tu, na wapo wanaosema hivyo wakimaanisha limekwisha kabisa. Ushauri wa yule dada ulikuwa kwamba ukiona kufutwa, usitoe kauli mpaka usome sababu iliyotajwa katika aya zilizotangulia. Mimi naona ushauri huo ni sahihi, na naona pia kwamba ni aibu kwa lugha yetu kuwa na neno moja linalofanya kazi mbili zinazopingana katika chumba ambamo mtu anaweza kupoteza shamba.

Kisha lipo neno mdogo. Watu wengi husikia uamuzi mdogo wakadhani ni uamuzi hafifu, jambo la pembeni lisilo na uzito, na mjomba mwenyewe alidhani kwamba uamuzi mkubwa unakuja baadaye, mpaka mtu wa steshenari alipomtisha. Mdogo hapa una maana ya uamuzi unaotolewa juu ya hoja iliyojitokeza ndani ya shauri, kwa mfano pingamizi, ombi la zuio au ombi la kuongezewa muda, bila kufika kwenye kiini cha ugomvi. Lakini uamuzi huo unaweza kulimaliza shauri siku hiyohiyo, kama ulivyolimaliza la mjomba. Kama ningeulizwa, ningependelea jina lisilo na kipimo cha ukubwa ndani yake. Kwa kuwa sikuulizwa, nasisitiza tu kwamba kichwa cha habari kisimdanganye mtu.

Jambo lililonigusa zaidi nililifikiria nikiwa kwenye daladala ya kurudi Uyole. Zamani Mahakama ya Mwanzo pekee ndiyo iliyoendeshwa kwa Kiswahili moja kwa moja, na ngazi za juu ziliandika kumbukumbu na hukumu zake kwa Kiingereza. Marekebisho ya sheria mbalimbali yaliyopitishwa mwanzoni mwa 2021 yalikifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya vyombo vyote vinavyotoa haki, ingawa Kiingereza bado kinaruhusiwa pale haki inapokihitaji, na hukumu nyingi za Mahakama Kuu na Mahakama ya Rufani zilizowekwa kwenye mtandao wa TanzLII bado zimeandikwa kwa Kiingereza. Mimi nilishangilia marekebisho hayo na bado nayashangilia. Hata hivyo yameleta hatari ambayo sikuifikiria: karatasi ya Kiingereza ilimlazimisha mkulima kutafuta wa kumtafsiria, na karatasi ya Kiswahili inamfanya aamini kwamba ameielewa, au kwamba mtu yeyote anayejua kusoma anaweza kumweleza. Maneno ni yaleyale ya nyumbani na sokoni, lakini yakiingia barazani yanavaa maana nyembamba zaidi. Huduma inayoziba pengo hilo ina thamani kubwa kuliko inavyoonekana kwa mtu anayeipita pale nje.

Kituo hicho hutoa pia karatasi ya maneno, kurasa nne zilizobanwa kwa pini, ambayo kila mteja huondoka nayo. Nimeisoma yote kwa kalamu nyekundu mkononi, kama ninavyosoma insha za wanafunzi, na tathmini yangu ni kwamba sehemu ya madai ni nzuri sana na sehemu ya jinai inahitaji kuandikwa upya.

Uzuri wake ni kwamba haikuishia kutafsiri neno kwa neno. Katika neno amua, kwa mfano, mwandishi ameanza na kitu ambacho kila mtoto wa Mwanjelwa anakijua: watu wawili wanapigana, anatokea wa tatu, anawaamua. Maana ya kwanza ya kuamua ni kutenganisha, na kutoka hapo tumepata mwamuzi wa mpira anayesimama kati ya timu mbili na uamuzi wa baraza unaosimama kati ya wadaawa wawili. Ni neno la Kibantu la asili, na ndugu zake wamo katika lugha nyingine za Kibantu; Waganda humwita jaji omulamuzi. Hukumu imetoka Kiarabu, pamoja na hakimu, mahakama na hekima, na maneno yote hayo manne yana mzizi mmoja. Mwandishi wa karatasi angeweza kuongeza hapo neno shauri, ambalo lina historia tamu ya kwake: ni ushauri tunaoombana nyumbani, ni kesi iliyoko barazani, na ukisema umekata shauri umemaliza kufikiri na umeamua. Mtu anayesema shauri langu limekatwa na mtu anayesema nimekata shauri wanasema mambo mawili tofauti kwa maneno yaleyale.

Kasoro kubwa iko kwenye neno hukumu lenyewe. Karatasi inasema kwamba hukumu ni "adhabu anayopewa mkosaji". Hii ndiyo maana ya mtaani, na najua imetoka wapi, kwa sababu sote tunasema fulani amehukumiwa miaka 30 jela. Lakini katika mahakama hukumu ni maandishi yanayoeleza mgogoro ulikuwa upi, hoja zipi zilibishaniwa, ushahidi gani uliaminiwa, uamuzi ni upi na kwa sababu gani. Kesi ya madai ina hukumu na haina adhabu. Katika kesi ya jinai hukumu inaweza kumwona mshtakiwa hana hatia, na hapo hakuna adhabu ya kutoa. Akionekana ana hatia, anatiwa hatiani kwanza, kisha anapewa nafasi ya kuomba apunguziwe, na adhabu inafuata mwishoni. Tofauti hii ina kazi, kwa kuwa mtu anaweza kukubali kwamba alitenda kosa na bado akakata rufaa juu ya ukubwa wa adhabu. Anayedhani hukumu na adhabu ni kitu kimoja hawezi hata kuieleza rufaa ya namna hiyo.

Sehemu ya jinai ina upungufu mwingine ambao nilikutana na madhara yake palepale kwenye benchi. Mama mmoja alikuwa akilia kwamba mwanawe aliachiwa huru mahakamani, wakafurahi, wakachinja kuku, na kabla ya wiki mbili kwisha kijana akakamatwa tena kwa shtaka lilelile. "Si waliniambia ameachiwa huru?" alirudia mara tatu. Kiswahili chetu cha magazeti na cha barabarani kinatumia kuachiwa huru kwa hali mbili ambazo sheria inazitenganisha kabisa. Ya kwanza ni pale mahakama inaposikiliza ushahidi na kumwona mshtakiwa hana hatia. Huyo hawezi kushtakiwa tena kwa kosa hilohilo, labda upande wa mashtaka ukate rufaa na ushinde. Ya pili ni pale Mkurugenzi wa Mashtaka anapoieleza mahakama kwamba hana nia ya kuendelea na kesi, mshtakiwa anafunguliwa mlango, na bado anaweza kushtakiwa upya kwa mambo yaleyale. Yule dada alimweleza mama kwa upole, lakini karatasi yao haina neno hata moja la kuonyesha tofauti hiyo. Ningependekeza waandike "ameonekana hana hatia" kwa hali ya kwanza na "mashtaka yameondolewa" kwa hali ya pili, na kuachiwa huru waliache lisitumike peke yake.

Neno rufaa wamelieleza vizuri na wameweka muda mbele kabisa, jambo ambalo nalisifu: siku 30 kutoka Mahakama ya Mwanzo kwenda Mahakama ya Wilaya, siku 45 kutoka Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya kwenda Mahakama Kuu. Kuhusu maneno mapitio na marejeo sikuridhika, kwa sababu yameelezwa kama mtu na kivuli chake, ilhali moja linahitajika kwa mahakama kujisahihisha yenyewe na jingine kwa mahakama ya juu kuangalia mwenendo wa chombo cha chini. Ni kweli kwamba hata wanasheria wenyewe huyabadilishana, kwa hiyo sitawalaumu sana.

Mambo ya kazi na ajira hawayashughulikii. Ukifika na barua ya kuachishwa kazi wanakuelekeza kwenye Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Nilipenda jinsi wanavyolitumia jina la Tume hiyo kufundishia, kwa kuwa ngazi mbili zimetajwa ndani yake kwa mpangilio wake. Kwanza ni usuluhishi, ambapo msuluhishi anawasaidia mwajiri na mfanyakazi wafike wenyewe kwenye makubaliano, naye hana mamlaka ya kuwalazimisha. Wakishindwana unafuata uamuzi, ambapo mwamuzi anasikiliza ushahidi na kutoa tuzo. Neno tuzo pia linahitaji tahadhari: mfanyakazi aliyesikia kwamba tuzo imetolewa anaweza kudhani amepata zawadi, kumbe tuzo ni jina la uamuzi wenyewe, hata ukiwa dhidi yake, na ana wiki 6 tu za kuipeleka Mahakama Kuu, Divisheni ya Kazi, kama hakuridhika.

Sasa niseme yale yasiyoridhisha katika huduma yenyewe. Kituo hufunguliwa siku tatu tu kwa wiki, na tangazo la siku hizo limebandikwa ndani ya mlango, kwa hiyo aliyekuja siku ya kufungwa hawezi kulisoma. Mara ya pili tulikaa kwenye benchi tangu saa mbili asubuhi hadi saa saba na nusu mchana, mvua ya Mbeya ikitunyeshea kwa upande, na mjomba ana umri wa miaka 71. Namba za foleni zingesaidia sana. Chumba ni kimoja na sauti zinasikika, na ndiyo maana mimi nayajua ya yule mama ambayo sikupaswa kuyajua. Wenye migogoro ya ndoa huzungumza kwa kunong'ona na baadhi yao huondoka bila kumaliza. Karatasi ya maneno imechapwa kwa herufi ndogo mno kwa wazee, ambao ndio wateja wengi wa mashamba. Tena hawakupi maandishi yoyote ya ushauri waliokupa. Sisi tulitoka na maelezo kichwani, na kama nisingeandika nyuma ya bahasha, tungefika nyumbani tukiwa tumesahau nusu. Kwa huduma ambayo kazi yake yote ni kuweka maneno sawasawa, karatasi moja yenye mistari mitatu, yaani uamuzi wako ni wa aina gani, hatua inayofuata ni ipi na mwisho wake ni tarehe gani, ingekuwa jambo la lazima.

Inafaa mtu aelewe pia mipaka yao. Wasaidizi wa kisheria si mawakili na hawamsimamii mtu mahakamani. Mjomba alipouliza kama yule dada atakwenda naye barazani siku ya kusikilizwa, alijibiwa waziwazi kwamba hapana, na akapewa maelekezo ya jinsi ya kuomba wakili wa msaada. Nilithamini jibu hilo la wazi kuliko ahadi.

Shauri la mjomba lilipelekwa Baraza la Kata. Jirani alikuja kikao cha kwanza, vya pili na tatu hakuja, na baraza likaandika kwamba limeshindwa kusuluhisha. Shauri limefunguliwa upya wilayani kwa namba mpya, na safari hii mashahidi wawili waliopanda miti ya mpaka wameandikishwa. Shilingi 60,000 za steshenari hazikurudi. Mimi nakipa kituo alama nne kati ya tano kwa kazi ya mdomo na alama tatu kwa karatasi yao, na nimewaachia nakala yangu yenye masahihisho ya wino mwekundu; walisema wataiangalia kabla ya kuchapa nyingine.

Anayetaka kwenda afike kabla ya saa mbili asubuhi, achukue nguo ya baridi, na abebe karatasi zote za shauri pamoja na ukurasa wa mwisho wenye muhuri, kwa sababu kuna watu wawili walirudishwa mbele yetu wakiwa wameleta kurasa za mwanzo tu.